Mapafu Hayaugui kwa Hewa Peke Yake

Katika vijiji vya kandokando ya Ziwa Victoria, na hata katika miji yenye hospitali za rufaa, kuna hukumu moja inayotolewa upesi kwa kila anayetweta: kuna kitu kibaya amekivuta. Mvuvi wa Ukerewe akishindwa kupanda mwinuko aliouzoea tangu utotoni, husemwa amepigwa na baridi ya usiku majini. Mama lishe akihema, ni moshi. Mchimbaji wa Geita, ni vumbi. Anayekohoa damu hana hata mjadala, huyo ana TB. Makohozi yakipimwa yakaonekana safi, anapewa dawa ya pumu ya kupuliza, na asipopata nafuu anaongezewa dozi.

Wanaotoa hukumu hiyo si wajinga. Moshi wa kuni na mkaa unaharibu mapafu kweli, vumbi la mawe linayakausha, na Tanzania, Kenya, Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimekaa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu. Mhudumu wa zahanati anayeanza kwa kufikiria TB anafanya kazi yake sawasawa. Kosa huja pale anapoishia hapo hapo, kwa kuamini kwamba kiungo kinachovuta hewa hakiwezi kudhurika ila kwa hewa. Imani hiyo ni potofu, na inawagharimu watu uhai.

Mapafu yana mlango wa pili. Damu yote inayorudi moyoni kutoka miguuni, matumboni, kwenye ini na kichwani hulazimika kupita mapafuni kabla ya kwenda kokote kwingine. Kwa mtu mzima aliyetulia hiyo ni lita 5 hivi kila dakika, mchana na usiku. Ukiacha moyo wenyewe, hakuna kiungo kingine kinachopitishiwa damu yote ya mwili kwa namna hiyo. Kwa hiyo lolote ambalo ini limeshindwa kulichuja, lolote ambalo moyo umeshindwa kulisukuma, na lolote ambalo minyoo imelitaga ndani ya vena, mapafu yatakutana nalo. Na dalili mojawapo ya makutano hayo ni mishipa ya damu ya mapafu iliyopanuka kuliko kawaida. Daktari akiiona mishipa hiyo kwenye picha, mara nyingi chanzo chake hakihusiani kabisa na kile mgonjwa alichokivuta puani.

Mishipa hiyo hupanuka kwa njia mbili kuu. Kuna kupanuka kwa shinikizo: njia ndogo za mbele zimeziba, damu inarundikana nyuma, na ateri kubwa inatanuka. Kuna pia kupanuka kwa kulegea, ambako vijishipa vyembamba kabisa hupoteza ukazo wake na kuwa vipana mno kwa kazi yake. Mgonjwa wa kwanza na mgonjwa wa pili wote wawili watasema neno moja, kwamba pumzi haitoshi, na dawa ya pumu haitamfaa yeyote kati yao.

Tuanze na shinikizo, maana hapo ndipo kanda ya ziwa ina neno zito zaidi. Ateri kubwa ya mapafu kwa kawaida haizidi milimita 29 za upana kwa mwanamume na 27 kwa mwanamke. Shinikizo la ndani yake ni dogo sana likilinganishwa na lile linalopimwa mkononi: kwa wastani ni milimita 14 za zebaki mtu akiwa ametulia. Tangu mwaka 2018 wataalamu wa dunia wamekubaliana kwamba wastani ukipita 20 hapo kuna shinikizo kubwa la mapafu. Likiendelea kupanda, ateri hutanuka, upande wa kulia wa moyo hunenepa kwa kazi nzito kisha huchoka, miguu huvimba, tumbo hujaa maji. Mashine ya kupimia presha mkononi haioni chochote cha hayo. Mgonjwa anaweza kuambiwa presha yake ni nzuri kabisa siku ile ile ambayo moyo wake unaelemewa.

Duniani kote, mojawapo ya vyanzo vikubwa vya hali hiyo ni kichocho. Wengi husoma sentensi hiyo mara mbili. Kichocho wanachokijua wao ni cha mtoto wa shule anayekojoa damu, jambo la aibu kidogo linaloisha kwa vidonge. Hicho ni kichocho cha mkojo, kilichozoeleka zaidi Unguja, Pemba na ukanda wa pwani. Katika Ziwa Victoria, mwenye himaya ni mnyoo mwingine, Schistosoma mansoni, ambaye makao yake si kibofu bali ni vena za utumbo. Mtu mwenye kichocho cha tumbo anaweza kukojoa mkojo mweupe maisha yake yote. Akipimwa mkojo akaambiwa hana kichocho, ameambiwa nusu ya habari tu.

Njia ya mnyoo huyu inajulikana vizuri. Theodor Bilharz aliwaona minyoo wa kichocho Cairo mwaka 1851, na Robert Leiper akathibitisha nchini Misri mwaka 1915 kwamba konokono ndiye mwenyeji wao wa kati. Kiluwiluwi hutoka kwa konokono, huingia kwenye ngozi ya anayevua, anayefua au anayeoga, tena kwa dakika chache tu. Akishakomaa hukaa katika vena za utumbo kwa miaka, na jike mmoja hutaga mayai yafikayo mamia kwa siku. Sehemu ya mayai hutoka na kinyesi. Karibu nusu hayatoki. Hayo hubebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, mwili unayazungushia uvimbe na makovu. William St Clair Symmers alieleza makovu hayo mwaka 1904, akiwa Cairo vilevile: ini lililopenywa na mirija ya nyama ngumu, mithili ya mirija ya viko vya udongo iliyopachikwa ndani yake.

Hapo ndipo mapafu yanapoingizwa katika habari hii. Ini lililojaa makovu halipitishi damu kwa urahisi. Damu ya utumbo inatafuta vichochoro, inapita kwenye vena za tumbo la chakula na umio, vena hizo zinavimba, na siku moja mtu anatapika damu. Wodi za Hospitali ya Bugando, Mwanza, zinawafahamu wagonjwa hao, na wapo ndugu wengi waliokwisha kuamini kwamba mgonjwa wao kalogwa. Lakini vichochoro vile vile vinavyoikwepa njia ya ini huyapitisha pia mayai ya mnyoo. Ini lilikuwa kichujio. Sasa kichujio kimezungukwa. Mayai huingia vena kubwa, hupita moyoni upande wa kulia, na kutupwa kwenye ateri ndogo za mapafu. Huko yanakwama. Kuta za ateri hizo huvimba na kuwa nene, njia inakuwa nyembamba, shinikizo linapanda, na ateri kubwa inatanuka.

Hii si nadharia iliyozuka juzi. Mwaka 1938, madaktari Bernard Shaw na Ghareeb walichapisha uchunguzi wa maiti za Wamisri waliokuwa na kichocho, wakayaonyesha mayai ndani ya mapafu, na pamoja nayo mioyo iliyovimba upande wa kulia. Brazil, ambako mnyoo huyu huyu alifika pamoja na watu waliosafirishwa utumwani kutoka Afrika, madaktari wa São Paulo waliwapima wagonjwa wenye kichocho kilichoshika ini na bandama, wakachapisha matokeo mwaka 2009: asilimia 4.6 walikuwa na shinikizo kubwa la ateri za mapafu. Katika vituo vikubwa vya Brazil vinavyotibu shinikizo la mapafu, kichocho ni miongoni mwa vyanzo vinavyoongoza. Ndiyo maana mpangilio wa kimataifa wa maradhi haya, tangu mkutano wa wataalamu wa mwaka 2008, umekiweka kichocho katika kundi la kwanza kabisa, bega kwa bega na aina za kurithi.

Mtetezi wa fikra ya hewa atasema: asilimia 4.6 ni ndogo. Ni ndogo ukiitazama peke yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu zaidi ya milioni 251 walihitaji dawa ya kukinga kichocho, na wengi wao mno wako Afrika. Hata kama ni sehemu ndogo tu ya hao ambayo ini lake litafikia makovu, na sehemu ndogo ya hao wa pili ambayo mapafu yake yatafikiwa, wanaobaki ni umati. Ni wavuvi, wachuuzi wa dagaa, wakulima wa mpunga. Wana miaka 30, 40, 50. Hawako darasani.

Na hapo ndipo fikra ya pili, pacha wa ile ya kwanza, inapoleta madhara: kwamba kichocho ni ugonjwa wa watoto. Kwa miaka mingi prazikwanteli, dawa ya kichocho, iligawiwa shuleni, na ugawaji huo umefanya mema makubwa ambayo hakuna wa kuyabeza. Kampuni ya Merck imekuwa ikitoa vidonge hivyo bure kupitia Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2007. Lakini kijana anayeacha shule na kuingia mtumbwini anaondoka kwenye orodha ya kugawiwa dawa siku ile ile anapoanza kushinda majini kutwa nzima. Prazikwanteli nayo haiwaui minyoo wachanga, wala haizuii maambukizi mapya. Anayemeza leo na kuingia ziwani kesho ataambukizwa tena. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake: pale maambukizi yanapofika asilimia 10, dawa igawiwe kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, watu wazima wakiwamo. Kuutaja mwongozo huo kwenye semina ni kazi rahisi. Kuupeleka mwaloni, saa ambazo wavuvi wako nchi kavu, na kurudi mwaka unaofuata, kunahitaji kwanza wakubwa waamini kwamba ugonjwa huu unaua watu wazima.

Kuwahi ndiko kunakookoa. Makovu ya ini yakiwa bado machanga hupungua baada ya matibabu. Ateri za mapafu zikishakuwa ngumu hazirudi zilivyokuwa kwa kumeza prazikwanteli. Mgonjwa atahitaji dawa za kupunguza shinikizo, kama sildenafili, ambazo zinamsaidia bila kumponya. Kila mwaka unaotumika kumpa mvuvi huyo dawa ya kupuliza ni mwaka ulioibwa.

Sasa njia ya pili, ya kulegea, ambayo ndiyo inayoivunja fikra ya hewa kuliko hoja nyingine yoyote.

Mwaka 1884 daktari Flückiger alieleza habari za mwanamke mwenye ini lililosinyaa, ambaye midomo yake ilikuwa ya buluu na ncha za vidole zimevimba. Ilichukua karibu karne nzima, hadi mwaka 1977, kabla Kennedy na Knudson hawajaupa uhusiano huo wa ini na mapafu jina la kitabibu. Kinachotokea ni hiki: ini linapochakaa, viwango vya kemikali fulani katika damu huvurugika, na mapafuni hutengenezwa gesi ya nitriki oksaidi kupita kiasi. Gesi hiyo hulegeza kuta za mishipa. Kijishipa cha kawaida mapafuni kina upana wa mikromita 8 hadi 15 hivi, kiasi cha kupitisha chembe nyekundu karibu moja moja. Kwa wagonjwa hawa vijishipa vimepimwa vikafika hadi mikromita 500. Chembe zinapita kwa makundi na kwa haraka. Zile za katikati ya mkondo ziko mbali mno na hewa, zinaondoka bila kupata oksijeni. Njia za hewa ziko wazi. Vifuko vya hewa ni vizima. Mtu anavuta pumzi safi, na bado damu yake ina njaa ya oksijeni.

Picha ya eksirei ya mgonjwa huyo mara nyingi haionyeshi kitu cha maana. Na mtu ambaye mapafu yake yanaonekana safi, makohozi safi, kifua hakipigi filimbi, ataambiwa nini na aliyefundishwa kwamba maradhi ya mapafu huja na hewa? Ataambiwa ana wasiwasi. Ataambiwa apumzike, apunguze mawazo. Kama ni mnywaji wa gongo, ataambiwa aache pombe, ushauri ulio sahihi unaotolewa kwa sababu isiyo sahihi, bila yeyote kuligusa ini lake.

Ipo dalili moja ya pekee ambayo haihitaji mashine kubwa. Mwenye pumu na mwenye moyo uliochoka hupata nafuu akikaa wima; ndiyo maana huwekewa mito mingi mgongoni. Mgonjwa wa ini aliyefikia hatua hii ni kinyume chao: akisimama pumzi inamwishia, akilala anapata nafuu. Mishipa iliyolegea imejaa zaidi sehemu za chini za mapafu, na mtu akisimama damu huteremkia huko. Kipima oksijeni cha kidoleni, kilichoenea sana tangu miaka ya Uviko, kinaweza kuionyesha tofauti hiyo: mpime amelala, mpime amesimama. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba vipimo hivyo hupitiwa na upungufu wa oksijeni kwa watu weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe, kwa hiyo namba moja yenye kutuliza isimdanganye mtu. Lakini kushuka kwa namba kwa mtu yule yule, anapoinuka kitandani, ni habari ambayo muuguzi hapaswi kuiacha ipite.

Kuthibitisha nako si kazi ya ajabu. Maji ya chumvi ya dripu hutikiswa kwenye sindano hadi yatoe mapovu madogo, yanachomwa kwenye vena ya mkono, na moyo unatazamwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Mapafu mazima huyanasa mapovu yote. Mapafu yenye vijishipa vilivyopanuka huyaachia, yakaonekana upande wa kushoto wa moyo baada ya mapigo matatu au zaidi. Mashine hiyo ipo katika hospitali nyingi za rufaa za Afrika Mashariki. Kinachokosekana ni swali la kuiuliza. Na swali hilo lina uzito, kwa kuwa miongoni mwa wagonjwa wanaosubiri kupandikizwa ini, tafiti mbalimbali zimeikuta hali hii kwa asilimia 5 hadi 32.

Ushahidi mkubwa kuliko wote uko kwenye tiba. Hakuna dawa ya mapafu iliyothibitika kuiondoa hali hii. Inayoiondoa ni kupandikizwa ini jipya. Baada ya upasuaji huo, kwa wagonjwa wengi vijishipa hujibana vikarudi katika upana wake na oksijeni hupanda, pengine kwa miezi kadhaa, pengine kwa mwaka. Hakuna aliyeyagusa mapafu. Hakuna aliyebadilisha hewa. Ini limebadilishwa, na mapafu yamepona. Anayeshikilia kwamba kifua hudhurika kwa hewa tu anapaswa kulieleza jambo hilo, na hawezi.

Misri inatoa mfano mchungu wa jinsi virusi na mnyoo wanavyoweza kukutana katika mwili wa mtu mmoja. Tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampeni ya serikali ilitibu kichocho kwa sindano za antimoni, na sindano zilitumika tena na tena. Virusi vya homa ya ini aina ya C vikasambaa nazo. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2008 ulikuta alama za virusi hivyo kwa asilimia 14.7 ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 59. Wapo waliobeba makovu ya kichocho na makovu ya virusi kwa pamoja, kila moja likiwa na njia yake ya kuyafikia mapafu. Afrika Mashariki tishio kubwa zaidi ni homa ya ini aina ya B, ambayo Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo sasa ni watu wazima, na wengi hawajui hali zao.

Moyo nao una sehemu yake, na kwa idadi ndiyo kubwa. Utafiti wa PAPUCO, ulioandikisha wagonjwa 220 wenye shinikizo kubwa la mapafu kutoka Kameruni, Msumbiji, Nigeria na Afrika Kusini, ulikuta kwamba kwa asilimia 69 chanzo kilikuwa ugonjwa wa upande wa kushoto wa moyo. Mgonjwa anayejulikana hapa ni mtoto aliyeumwa koo likapuuzwa, akapata homa ya baridi yabisi, na valvu ya moyo ikasinyaa taratibu. Akifika miaka 25, akiwa mjamzito, mishipa ya mapafu imejaa damu isiyo na pa kwenda. Sauti yake inaweza hata kukauka kwa sababu moyo na ateri iliyovimba vinaubana mshipa wa fahamu wa koo, jambo alilolieleza Norbert Ortner wa Vienna mwaka 1897. Wapo pia waliozaliwa na tundu moyoni, na damu ya ziada ikayafurika mapafu tangu uchanga. Watoto kama hao hufanyiwa upasuaji leo katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, na wanaofika mapema hupona. Wanaofika wamechelewa, kwa kuwa walitibiwa kichomi mara nyingi mno, hawana tena cha kuzibiwa.

Kuna na hali ya kurithi. Takriban mtu mmoja katika kila 5,000 huzaliwa na hitilafu ya vinasaba inayounganisha ateri na vena moja kwa moja, bila vijishipa vya katikati. Tangu utotoni hutokwa damu puani, na wakubwa husema ni joto. Mapafuni, muungano huo hutanuka kuwa kifuko chembamba cha damu. Donge la damu au bakteria wa meno mabovu, ambao mapafu yangewanasa, hupita hapo hadi kwenye ubongo, na kijana asiye na presha wala kisukari hupata kiharusi au jipu la ubongo. Kikitambuliwa mapema kifuko hicho huzibwa kwa waya laini zinazopitishwa ndani ya mshipa, bila kupasua kifua.

Hata TB, ngome kuu ya fikra ya hewa, haiko wazi kiasi hicho. Mwaka 1868 Fritz Valdemar Rasmussen wa Denmark alieleza jinsi ateri ya mapafu iliyo kando ya shimo la TB inavyotuna na kupasuka. Mara nyingi zaidi, damu hutoka kwenye ateri za mirija ya hewa, ambazo huvimba na kujipindapinda kuzunguka makovu. Mtu aliyemaliza dawa akapona, anaweza kukohoa damu miaka 10 baadaye bila kuwa na bakteria hata mmoja. Kumwanzishia tena dawa za miezi 6 bila kipimo chenye jibu, eti kwa kuwa damu ya kifuani haina jina lingine, ni kumtwisha sumu asiyoihitaji na kuuacha mshipa unaovuja kama ulivyo.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni anasa ya nchi tajiri, kwamba zahanati isiyo na umeme wa uhakika haiwezi kuhangaika na mikromita. Hoja hiyo inawadharau wahudumu wa zahanati. Kuuliza kama mgonjwa ameishi au kufanya kazi ziwani hakuhitaji umeme. Kupapasa tumbo upande wa kushoto kutafuta bandama iliyovimba hakuhitaji umeme. Kutazama macho yenye manjano, kucha zilizopinda, shingo yenye vena zilizotuna. Kumlaza mtu na kumsimamisha. Kuuliza kama amewahi kutapika damu. Hayo yote mhudumu anaweza kuyamaliza kabla foleni haijasogea, na yanatosha kuamua nani aende mbele kwa barua ya rufaa badala ya kurudi nyumbani na kopo la pumu.

Hoja ya mwisho ndiyo inayosikika zaidi kwa wapangaji wa bajeti: hakuna takwimu za kwetu. Kweli, PAPUCO haikuandikisha mgonjwa hata mmoja wa Tanzania, Kenya au Uganda, na kipimo halisi cha shinikizo la mapafu, cha kupitisha mrija hadi moyoni, hakipatikani ila mahali pachache. Lakini kutopima hakuwezi kugeuzwa kuwa ushahidi wa kutokuwapo. Shaw na Ghareeb waliyaona mayai hayo kule Misri kwa sababu walifungua vifua na kutazama. Wabrazil waliipata asilimia yao kwa sababu waliwachukua wagonjwa wa ini na kuwapima moyo. Katika visiwa vya Ziwa Victoria, watafiti wamekuwa wakipita na mashine ndogo za mawimbi ya sauti, wakimlaza mwanakijiji kwenye jamvi na kuhesabu makovu ya ini lake kwa utaratibu uliochapishwa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2000. Mashine ambayo tayari iko juu ya ini la mtu huyo, ikibadilishiwa kichwa na kuelekezwa kati ya mbavu, inaweza kukadiria shinikizo la upande wa kulia wa moyo wake na kupima upana wa ateri ya mapafu. Mgonjwa yuko pale pale, mafuta ya kipimo yako tumboni mwake, mpimaji ana kalamu mkononi, na fomu yake inahitaji kuongezwa mistari miwili.